Kikao cha mikondo, Jumamosi

Habari za jioni wazazi wenzangu wa Kidato cha Pili. Kikao ni Jumamosi hii saa 4 asubuhi, shuleni kwetu Kirumba. Shule inataka kuwagawa watoto kwa alama: wanaoongoza Mkondo A, wanaosuasua C, hadi mtihani wa taifa wa Novemba. Binafsi naogopa C isije ikawa jalala, ila tuwasikilize walimu kwanza. Tuulize:

1. Hisabati ya C atafundisha nani?
2. Mtoto akipandisha alama, anahama lini? Na aliye mzuri Kiswahili lakini hesabu zinamlemea, anakaa wapi?

Chai na fotokopi ni sh. 2,000, mpeni mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni. Wa Igombe, wahini daladala. Tafadhali andikeni "Nipo" au "Sipo" leo hii.