Ile ngao mliyochapisha sio ya kila Livingstone

Mhariri, salaam na pole na kazi.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya majina ya kizungu tuliyobatizwa nayo huku kwetu, pale mlipofika kwenye jina Livingstone mkaweka picha ya ngao nyeupe yenye maua matatu mekundu, chini yake mkaandika ni nembo ya ukoo wa Livingstone na kwamba yeyote mwenye jina hilo ana haki ya kuitumia. Naomba mrekebishe, tena mrekebishe kwa ukubwa uleule mlioichapisha, maana watu wanaliwa hela zao kwa maneno hayohayo.

Hili limeingia mpaka nyumbani kwetu. Babu yetu mzaa baba alikuwa mtu wa huku Kigoma na alibatizwa Livingstone, sisi wajukuu tumebaki nalo kama jina la ukoo kwenye vyeti vya shule mpaka vitambulisho. Sasa mdogo wangu mwaka jana akaona tangazo mtandaoni, wanauza nembo za koo za Uskoti, unaandika jina lako wanakuletea, basi akalipa, ikaja fremu nzuri tu, karatasi nene kama ngozi, maandishi ya rangi ya dhahabu, ile ngao katikati, na kihistoria kifupi cha aya mbili. Akaitundika sebuleni pembeni ya picha ya babu. Mimi nimefundisha historia miaka mingi, nikaiangalia ile fremu kila nikienda pale, roho haikutulia, nikaanza kufuatilia mwenyewe.

Kwanza kabisa, Uskoti hakuna kitu kinaitwa nembo ya jina. Ngao kule ni mali ya mtu mmoja, kama vile chapa ya ng'ombe ilivyo ya mwenye zizi, sio ya kila mtu anayekaa kijiji kile. Baba akifa anairithi mrithi wake, wadogo zake wakitaka kuwa nayo wanatakiwa waombe upya na ngao zao ziongezwe alama ya kuzitofautisha, mpaka wa pembeni au rangi nyingine, ili watu wajue huyu ni nani kwenye familia. Anayesimamia ni afisa wa mfalme anayeitwa Lord Lyon, ana mahakama yake Edinburgh, sio mfano wa mahakama, mahakama kweli, ina mpaka mwendesha mashtaka wake, na daftari la ngao zote linaendelea kuandikwa kwa sheria ya mwaka 1672. Ukijiwekea ngao ya mwenzako unaweza kushtakiwa. Anachoruhusiwa mtu wa kawaida wa ukoo ni kuvaa ile alama ndogo inayokaa juu ya ngao ya chifu wake, sio ngao yenyewe, ikiwa imezungushiwa mkanda wenye bizimu, maana yake anasema mimi ni mtu wa fulani, hasemi hii ni yangu. Kwa hiyo mnaposema kila Livingstone ana haki na ngao, mnasema kitu ambacho sheria ya kule inakataa kabisa.

Pili, na hapa ndipo pananiuma zaidi, ile ngao sio hata ya watu wa Dokta David Livingstone, yule mmisionari Mskoti.

Jina hili kumbe ni mito miwili iliyokutana. Mto wa kwanza ni wa nyanda za chini, magharibi ya Edinburgh, ambako kwenye miaka ya 1100 aliishi mtu anaitwa Leving, mahali pake pakaitwa mji wa Leving, yaani Livingston, na wenye ardhi pale wakajiita kwa jina la mahali. Mji wenyewe upo mpaka leo, mwaka 1962 ulitangazwa kuwa "mji mpya", yaani mji wa kujengwa kwa mpango wa serikali. Hao ndio waliokuja kupata ardhi ya Callendar pale Falkirk, wakawa mabwana wakubwa, wakafika kuwa Earl wa Linlithgow, Earl ni cheo kikubwa cha kibwana, na binti yao Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale Mary wanne wasichana wa Malkia Mary wa Uskoti. Maua matatu mekundu ni yao, kila ua petali tano, yamezungushiwa mistari miwili ya kijani yenye maua ya yungiyungi, na usemi wao ni wa Kifaransa, Si je puis, yaani nikiweza. Earl wa mwisho akaingia kwenye uasi wa 1715 wa kumpinga mfalme, mwaka 1716 akanyang'anywa vyeo na ardhi yote.

Mto wa pili ni wa milimani na visiwani magharibi, watu wa Kigaeli, yaani wenye lugha yao ya kale, ambao hawakuitwa Livingstone hata kidogo. Wao walikuwa MacLeay. Wengine wanasema asili yake ni Mac an Léigh, mwana wa tabibu, wengine wanasema ni Mac Dhuinnshléibhe, na mabishano hayo hayajaisha. Kiingereza kilipozidi nguvu, jina la Kigaeli likawa gumu kuandikwa na makarani, basi watu hao wakachukua jina la kibwana lililokuwa linajulikana, Livingstone, ingawa damu haikuwa moja. Babu yake David Livingstone alitoka huko, kisiwa cha Ulva, akahamia Blantyre ya Uskoti, sio ile ya Malawi, kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba, na David mwenyewe aliingia kiwandani akiwa na miaka 10. Aliandika kwamba babu mkuu wake alikufa vitani Culloden, ile vita ya 1746. Sasa watu hao wa Ulva, wakulima wadogo, wanahusiana nini na ngao ya Earl wa Linlithgow? Na kama asili ni mwana wa tabibu kweli, basi angalia, mtoto wa ukoo huo akaja kusomea udaktari akafika mpaka Ujiji.

Mngetaka kuwapa wasomaji kitu cha kweli mngewaambia habari ya Lismore. Ni kisiwa kidogo upande huohuo wa magharibi, na familia moja ya Livingstone pale, wanaitwa wa Bachuil, wametunza vizazi na vizazi fimbo ya Mtakatifu Moluag, mmisionari wa Ireland aliyefariki mwaka 592. Ni fimbo tu ya mti mweusi wa miiba, haifiki mita, zamani ilivikwa shaba iliyopakwa dhahabu na sasa shaba imebaki vipande na misumari. Kuna hati ya 1544 inayothibitisha kwamba ardhi yao wanaishikilia kwa kazi hiyo ya kuitunza fimbo. Mwaka 2003 Lord Lyon akamtambua mkuu wa familia hiyo kama chifu wa ukoo wa MacLeay. Yaani ukoo ulipata chifu wake kwa jina lake la zamani, baada ya muda wote ule wa kuitwa kwa jina la mabwana wa nyanda za chini. Nikisoma hapo namkumbuka babu, maana na yeye alikuwa na jina la kwao kabla ya katekista kumpa hili, na sisi wajukuu hatulijui wote, mimi nimelipata kwa shangazi mmoja tu aliyebaki hai.

Kwa hiyo ombi langu mhariri ni mambo mawili, mseme wazi kwamba ile ngao ilikuwa ya mabwana wa Callendar na sio ya kila Livingstone, na muwaonye wasomaji wasitoe hela kwa wauza fremu. Picha ya ile fimbo ya Lismore ingefaa kuliko ile ngao.

Ile fremu bado iko ukutani kwa mdogo wangu, sijamwambia aishushe, ameipenda. Nimeigeuza tu nikaandika nyuma kwa peni: hii ni ya Livingston wa Callendar, watu wa Dokta walitoka Ulva, na chini yake nikaandika jina la babu la kwao.

Msomaji wenu, Kigoma