Makala ya Huan wa Qi mmeikatia njiani

Mhariri,

Salamu kwako na wenzako wote hapo gazetini. Ile makala yenu ya Jumapili kuhusu Huan, mtawala wa dola ya Qi ya kale kule Shandong, Uchina, nimeisoma mara mbili na kwa kweli imenoga, ila mmeikatia pale kwenye raha, mkutano wa Kuiqiu mwaka 651 KK, watawala wenzie wamekusanyika, mfalme wa Zhou, aliyekuwa juu ya watawala wote hao kwa cheo, kamtumia nyama ya matambiko, basi mkaweka nukta. Jamani huyu mtu aliishi miaka minane zaidi, na hiyo minane ndo inanifanya mi nimuwaze mpaka leo.

Halafu Bao Shuya, msaidizi wake wa karibu, mmempa mstari mmoja tu! Mwaka 685 KK Huan anakimbilia kiti cha Qi, Guan Zhong, rafiki wa Bao Shuya, yuko upande wa Jiu, nduguye Huan anayekitaka kiti hicho hicho, anamvizia njiani anamtwanga mshale, mshale unagonga bizimu ya mkanda, Huan anajifanya kafa, wale wa Jiu wanapunguza mwendo wakijua kazi imeisha, siku sita baadaye wanafika wanakuta mwenzao keshakalia kiti. Mtu kakulenga tumbo, utamwacha? Huan alitaka kumuua. Bao Shuya, aliyekaa naye ukimbizini kule Ju na uwaziri ulikuwa wake kabisa, ndo akamwambia ukitaka kutawala Qi tu sisi tunatosha, ila ukitaka kuwa mkubwa wa watawala wote mchukue Guan Zhong. Huan akamsikia, Guan Zhong akawa waziri mkuu, Bao Shuya akakubali kuwa chini ya rafiki yake. Yaani hata ile kuokoa dola ya Wei, watu wa kabila la Di walipoifyeka mwaka 660 KK wakabaki watu 730 tu waliovuka mto, na Huan akawapelekea magari ya vita 300 na askari 3,000 wawalinde, mi naona chanzo ni pale Bao Shuya alipokubali kushuka.

Sasa turudi Kuiqiu. Kwenye kile kiapo walikatazana kuzibiana maji, kubadilisha mrithi aliyeshatajwa, na kumfanya suria kuwa mke mkuu. Huan ndo alikiongoza, lakini nyumbani kwake kuna watoto wa masuria kibao na kila mmoja anakitaka kiti. Guan Zhong akafa 645 KK, na alishamwonya kuhusu Yi Ya, yule mpishi anayesimuliwa kwamba alimpika mwanae ili bwana wake aonje. Huan hakusikia. Alipokufa mwaka 643 KK, Yi Ya na Shu Diao, towashi wa ikulu, wakamsimika Wukui, mmoja wa wanawe, na Zhao, mwanawe mwingine aliyekuwa mrithi, akakimbilia dola ya Song, watoto wakashikana silaha humo humo ndani, na baba yao kitandani siku 67 hajazikwa, mpaka mabuu yakatambaa yakatoka nje ya mlango.

Hapo kwenye mlango mi huwa nasimama kusoma. Mzee wetu alipofariki mwili ulikaa mochwari siku 11 tunabishana nani ashike shamba, wote watu wazima, na mama anatuangalia tu hasemi neno.

Ndo maana naomba mtoe sehemu ya pili, mwandishi ni yule yule maana anajua kusimulia, na aanzie Guan Zhong akiwa mgonjwa kitandani, Huan kakaa pembeni anamuuliza nani ashike nafasi yako.

Msomaji wenu wa siku nyingi