Sare moja, joto tofauti: kwa nini tunakuuliza unavyotoka jasho

Oktoba moja nilishona magauni 12 ya sare ya harusi hapa Tabora. Yote polista, yote na bitana kuanzia kifuani hadi magotini, maana kamati ilitaka yakae vizuri kwenye picha. Ilipofika saa nane mchana, dada wembamba walikuwa bado wanacheza. Mama mmoja wa mwili mpana alikuwa chini ya mwembe, mgongo umelowa, anapepewa na mwanawe. Waliokuwepo wakasema mama hawezi jua. Kosa lilikuwa bitana yangu, na liliniuma.

Joto la mwili hutengenezwa ndani, lakini hutokea kwenye ngozi. Anayepika viazi vitamu anaujua mchezo huu: kiazi kizima hukaa na moto muda mrefu, ukikikata vipande hupoa upesi kwa sababu sehemu inayoguswa na hewa imeongezeka. Mtu mrefu mwembamba ana ngozi nyingi kwa kila kilo ya mwili wake. Mwili ukipanuka, ngozi nayo huongezeka, ila uzito huitangulia. Tena mafuta hupitisha joto polepole kuliko misuli, na kuubeba uzito wenyewe ni kazi inayozalisha joto jingine.

Msidhani ni habari ya unene tu. Misuli inapofanya kazi, karibu robo tatu ya nguvu inayotumia, au zaidi, hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana mbeba mizigo wa stesheni namshonea shati lenye nafasi kuliko karani, hata kama tepu imesoma namba zilezile.

Halafu kuna jasho. Kutoka kwake hakupozi. Kinachopoza ni kukauka kwake. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Likinaswa na bitana, unabaki umelowa na joto lako liko palepale. Inasikitisha, kwa kuwa hewa yetu ya kiangazi ni kavu na ingelikausha bure kama nguo ingeipa njia.

Kwa hiyo sare tunazishona zifanane kwa nje tu. Kwa anayetoka jasho sana, bitana inaishia kifuani, makwapa yanalegezwa, mgongo unaongezwa upana, na tukipata pamba ya rangi ileile tunaitumia. Bei haibadiliki.

Watoto ni kinyume chake: miili midogo hupoteza joto haraka, hivyo asubuhi za Juni na Julai mtoto hutetemeka wakati mzazi anaona hali ni ya kawaida. Sweta za shule tunazipokea kuanzia Aprili.

Ukija kupimwa, njoo na nguo moja unayoipenda siku za jua kali. Tutaikagua mshono kwa mshono kabla ya kukata kitambaa chako.