Imeili zikigoma msikimbilie kufomati

Mhariri, naomba kanafasi. Huku Kigoma imeili za ofisi zisipofunguka asubuhi kila mtu anasema mtandao mbovu, kumbe jana seva iliapdetiwa kwa ajili ya usalama na Dovecot (programu ya seva inayowafungulia watu imeili zao) ikagoma kuwaka. Mafundi jamani someni logi (kumbukumbu za seva) kwanza! Piga amri ya systemctl status dovecot, halafu ya journalctl, mara nyingi kosa limeandikwa hapohapo. Toleo la Dovecot 2.4 la mwaka 2025 halikubali konfigi (faili za mipangilio) za 2.3 zilivyo, linataka dovecot_config_version iwe ya kwanza kwenye faili, sasa wengine (wa bei mbaya hao) wanarudisha toleo la zamani na tundu la usalama linabaki wazi. Tena barua hazipotei haraka, hata Postfix (programu inayopokea na kutuma barua) ikizimika, seva zinazotuma kwa kawaida hujaribu tena siku 4 hadi 5. Ukurasa wenu wa teknolojia uandike na haya basi, simu mpya tumezichoka.

Msomaji, Mwanga, Kigoma