Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, masheha mliohudhuria, kamati ya skuli, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaam aleikum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, mheshimiwa, kwa kuipokea barua yetu na kuifuata njia mpaka huku Micheweni, Pemba, ijapokuwa mvua za juzi zimeiacha njia yenyewe kama ulivyoiona.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi 7 na mwalimu mmoja wa jiografia. Leo tuko 68. Tumepanda mikoko pale bahari ilipokuwa inakula ufukwe, na mingi imeshika. Msitu wa Ngezi tumeuingia mpaka walinzi wanatuita kwa majina. Kidike tumekwenda kuwahesabu popo wa Pemba, ambao kwa asili hawapatikani pengine popote duniani, na Unguja tumevuka tukawaona kima punju wa Jozani. Kwa hayo tunathubutu kusema kwamba klabu ya skuli iliyotembea kama yetu kisiwani hapa haijatokea.

Mheshimiwa, hayo tumeyapitia mbio kwa sababu lililotusimamisha mbele yako ni moja: safari ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara.

Mwaka 2022 wanafunzi 9 walifika huko, kwa michango ya wazazi na msaada wa mtu wa kijiji chetu anayefanya kazi Maskati. Walipanda meli hadi Tanga, wakapita Korogwe, Same, Moshi na Arusha mpaka Mto wa Mbu. Manyara inasifika kwa simba wanaopanda miti. Simba mwenyewe hawakumuona, lakini nyayo zake waliziona kwenye vumbi, na mmoja wao aliweka kiganja chake kando ya unyayo, kikaonekana kidogo. Tembo walipita mbele ya gari, na dereva akazima injini wakawa wanasikia majani yakikatika mdomoni. Kwa mtoto aliyezaliwa kisiwa kisicho na tembo wala simba, hiyo si picha ya kitabuni tena.

Lakini wanachokisimulia zaidi ni Maji Moto, chemchemi zilizo upande wa kusini wa hifadhi. Mvuke uliifunika miwani ya mwalimu wetu, akawa anafundisha huku anaifuta kwa kanzu. Maji ya mvua huzama kwenye mipasuko ya Bonde la Ufa, hushuka mpaka kwenye miamba yenye joto, kisha hurudi juu yakiwa ya moto na yamebeba madini. Ziwa lenyewe halina pa kutokea, kwa hiyo magadi hubaki na kuzidi, na ndani yake huota vijimea vinavyoliwa na heroe, wale ndege tunaowaita flamingo, mpaka manyoya yao yanageuka waridi. Na pale mlangoni kuna msitu wa kijani hata kiangazi, kwa sababu haungoji mvua: unanyweshwa na maji yanayochuruzika chini kwa chini kutoka kwenye genge la Bonde la Ufa. Kitabu chetu kinayasema yote hayo kwa mistari michache. Wale 9 waliyaelewa kwa siku moja.

Mheshimiwa, umeme wa ukumbi huu unatujia kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Wenzetu wa Kenya, pale Olkaria kwenye Bonde la Ufa hilo hilo, wanazalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981. Binti mmoja kati ya wale 9 sasa anasoma sayansi kidato cha sita, na anasema atasomea jotoardhi, yaani joto hilo la chini ya ardhi. Neno hilo hakuwa akilijua kabla ya Manyara. Ndiyo maana tunaomba wengine 42 wafike.

Gharama za wanafunzi 42 na walimu 3, kwa meli, basi, viingilio, malazi na chakula, ni shilingi 11,400,000. Tunazo 3,150,000. Fedha hizo hazikuombwa kwa mtu. Msimu wa karafuu wanafunzi walikaa majamvini kila jioni wakichambua kwa malipo ya pishi, wakitenga makonyo, yaani vijiti vya karafuu, mpaka vidole vikawa vyeusi. Kasha la fedha lilipofunguliwa, noti zilinukia karafuu. Zinazopungua ni shilingi 8,250,000.

Tusamehe, mheshimiwa, kwa haya yanayofuata, maana hatuna kinyongo na wewe. Mgeni wetu wa mwaka juzi aliahidi basi, ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Tumemwandikia barua tatu. Mgeni wa mwaka jana aliahidi kulipa safari hii hii, na msaidizi wake akatupa na siku ya kuondoka. Siku hiyo watoto walifika skuli saa 12 alfajiri, na mabegi yao, na chapati walizofungiwa na mama zao. Simu haikupokelewa. Adhuhuri ilipoadhiniwa walikuwa bado wamekaa juu ya mabegi chini ya mwembe, na chapati za safari wakazila hapo hapo. Wengi wao ndio wanaohitimu leo, na nafasi yao imepita.

Kwa hiyo tunaomba kwa adabu zote: kama uwezo upo, tutajie kiasi na tarehe. Kama upo nusu, tupe nusu, tutarudi kuchambua karafuu. Na kama haupo, tuambie leo kwamba haupo. Hatutavunjika moyo kwa kuambiwa hapana, na chakula tulichokuandalia utakila kwa heshima ile ile.

Daftari la klabu liko mezani mbele yako, lina majina ya wanafunzi 42 na mstari mmoja ulio wazi. Kalamu iko juu yake.

Wabillahi tawfiq. Ahsante kwa kutusikiliza.