Mdeki wa gobore si fimbo ya kuokota

Mhariri,

Gobore likipasuka, lawama huenda kwa baruti au kwa mtutu; mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia baruti na gololi ndani ya mtutu, hautajwi. Ilhali mdeki mbovu waweza kumtoboa mtu kiganja hata kabla fataki, kile kijikofia cha kuwashia baruti, haijawekwa. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niwaeleze wamiliki wa magobore yenye leseni namna ya kuandaa mdeki wa mti na kuutumia kwa usalama.

Marekani, ambako bunduki za kushindilia bado zina msimu wake wa uwindaji, mti unaopendwa ni hikori. Kwetu mkole unafaa kwa kuwa hupinda na kurudi. Mpingo, pamoja na ugumu wake wote, huvunjika ghafla. Lakini kuliko jina la mti, tazama nyuzi. Ziwe zimenyooka kutoka ncha hadi ncha, na njia ya uhakika ni kupasua gogo kwa kabari badala ya kulichana kwa msumeno. Nyuzi zikitokea ubavuni, mdeki hukatika mshazari na kuacha ncha kali kama mkuki, huku mkono ulioushika ungali unasukuma chini. Ndiyo maana mpini wa ufagio haufai.

Kwa mtutu wenye tundu la milimita 12 au 13, mdeki wa milimita 9 hadi 10 unatosha. Mwembamba mno hupinda ukishindilia. Mnene mno hukwama masizi yakijaa.

Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, daima kwa kufuata nyuzi, kwa sababu mikwaruzo ya kukingama ndiyo mwanzo wa ufa. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, vinyweleo vya mti vitasimama. Ukishakauka, rudia 220. Sasa paka linsidi iliyochemshwa (mafuta ya mbegu za kitani), kidogo sana, subiri dakika 15, kisha futa yote iliyobaki juu. Acha siku nzima ikauke. Rudia mara tatu au nne. Linsidi iliyoachwa nene hunata na kushika mchanga, na mchanga huo husaga mdomo wa mtutu kila unaposhindilia.

Vanishi iache. Hubanduka ndani ya mtutu na, kibaya zaidi, huficha ufa. Wapo pia wanaoloweka mdeki katika mafuta ya taa kwa wiki kadhaa wakidhani unapata nguvu. Haupati, mafuta hayo hutoka na kulowesha baruti.

Matambara ya linsidi yasirundikwe kamwe! Linsidi inapokauka hutoa joto, na rundo huweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja, au yaloweke majini.

Kichwa cha shaba kinachovikwa ncha ya mdeki kisishikwe kwa gundi peke yake, maana kitang'oka na kubaki ndani. Toboa tundu la milimita 2 kupita shaba na mti, pitisha pini, kisha ipige tupa ilingane.

Halafu alama mbili, ambazo kwangu ndizo kazi kubwa ya mdeki. Mtutu ukiwa mtupu, ingiza mdeki hadi chini na uchore alama unapokutana na mdomo. Chora ya pili baruti ya kipimo chako cha kawaida na gololi vikiwa vimekaa sawasawa. Ya kwanza hukuonyesha kwamba bunduki ni tupu. Ya pili ikibaki juu ya mdomo, gololi haijakalia baruti, na nafasi hiyo katikati yaweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua. Usifyatue.

Baada ya kila mlio, pitisha kitambaa chenye unyevu kabla ya kumimina baruti, kwani cheche huweza kubaki chini. Wakati wa kushindilia fataki isiwepo, na mdomo wa bunduki uelekee mbali na uso. Shika mdeki sentimita 15 hivi juu ya mdomo, sukuma, kisha panda na mkono kidogo kidogo. Usiukandamize kwa kiganja juu ya ncha. Urudishe mahali pake ndipo uweke fataki.

Kila kabla ya kuutumia, upinde taratibu huku ukisikiliza mlio na kutazama vinyuzi vilivyoinuka. Wenye ufa usiungwe kwa gundi wala kufungwa waya. Uvunje, utie jikoni, uchonge mwingine.

Fundi seremala,
Tabora