Methali ni methali, paremiolojia ni elimu yake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa lugha wa wiki iliyopita uliandika kwamba "paremiolojia ya Waswahili imejaa hekima". Zilizojaa hekima ni methali. Paremiolojia ni elimu ya kuzichunguza, na kuchanganya hivyo viwili ni kama kusema shamba la fulani limestawi botania.

Waingereza walilichota neno hilo kwenye Kigiriki: paroimia ni methali, logos ni neno au maelezo. Paroimia yenyewe huchambuliwa kuwa para, yaani kando ya, na oimos, njia. Ni msemo wa kando ya njia, ambao kila mpita njia huuokota. Ndilo neno lililomo katika Kigiriki cha Waraka wa Pili wa Petro 2:22, pale penye mbwa aliyeyarudia matapiko yake, na Biblia yetu imeandika "mithali". Sisi letu tumelitoa kwa Waarabu, mathal, ambalo halina habari ya njia. Asili yake ni kufanana. Ndiyo maana lina ndugu wengi: mithili, mathalani, tamathali za semi, hata tamthilia za redioni.

Lipo na neno la pili, paremiografia, nalo ni kukusanya methali na kuziandika. Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni wa Kiholanzi, alichapisha 818 za Kigiriki na Kilatini mjini Paris mwaka 1500; alipofariki mwaka 1536 mkusanyo wake ulikuwa umepita 4,000. Za Kiswahili, mmisionari Mwingereza W. E. Taylor alichapisha zake mwaka 1891. Baada ya kukusanya ndipo huja maswali ya paremiolojia: methali imeundwaje, nani humwambia nani, katika shughuli gani, na mahali pengine husemwaje.

Ukurasa huohuo ulichapa "Akufaaye wakati wa shida ndiye rafiki". Maana haikuharibika, lakini methali imekatika. Inayojulikana ni "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Hesabu mizani, yaani silabi: kipande cha kwanza kina 8, cha pili 5. Kwa maneno yenu kile cha kwanza kimefika 11. Tena dhiki haikuwekwa pale kwa bahati. Iko ikutane na rafiki kwa kina cha -ki. Shida haikutani na lolote.

Sisemi methali haibadiliki. "Bandu bandu huisha gogo" wengine husema "humaliza gogo", na zote mbili ni za kuandikwa. Ila namna mpya lazima iwe na msemaji: nani katamka, wapi, akimwambia nani. Kama ni msahihishaji tu aliyeona dhiki ni neno la kizamani, hilo si toleo jingine la methali, ni kosa la uchapaji, na lirekebishwe toleo lijalo.

Na kwa vichwa vya habari, "elimu ya methali" inatosha. Haina haja ya Kigiriki.

Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga